Grateful Dead jukwaani: sifa ya haki au ya kanda zilizochaguliwa?

Wadau wa muziki, naomba tulijadili hili bila jazba. Kila ikitajwa Grateful Dead, bendi ya roki ya saikedelia iliyozaliwa California mwaka 1965, haikosi mtu wa kusema sifa yao ya jukwaani imetiwa chumvi. Maonyesho zaidi ya 2,300 katika miaka 30, mashabiki wakachambua machache matamu, mengine wakayafunika. Mimi nalikataa dai hilo.

Siku mbovu zilikuwepo, tena nyingi. Tamasha la Woodstock, Agosti 1969, jukwaa limelowa mvua, nyaya zinawapiga shoti wakigusa gitaa na kipaza sauti; walipiga vibaya na wenyewe walikiri. Giza, Misri, Septemba 1978, mpiga ngoma Bill Kreutzmann alikuwa amevunjika mkono akapiga kwa mmoja, piano ikitoa sauti zisizolingana. Albamu waliyoikusudia ikawekwa kando. Rekodi zile zilitoka rasmi mwaka 2008. Na 1995 inaniuma kuliko zote: Jerry Garcia, mpiga gitaa na mwimbaji wao, mgonjwa, anapotea katikati ya mashairi aliyoyaimba miaka na miaka. Tarehe 9 Julai wakapiga Chicago, Agosti akafariki.

Sasa jiulizeni, haya yote tumeyajuaje? Kwa sababu bendi yenyewe iliwaachia watu warekodi. Oktoba 1984 wakaanza kuwatengea warekodi eneo lao, nyuma ya meza ya fundi mitambo, na tiketi zao maalumu. Kanda zibadilishwe, zisiuzwe. Mwenye kutaka kuficha aibu zake hafanyi hivyo. Dai kwamba mashabiki waliyafunika mabaya linaangukia hapo, maana mabaya yapo, yanasikilizwa, na mashabiki wenyewe ndio wa kwanza kuyasema.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo ina uzito. Wanasema onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell, 8 Mei 1977, lina jina kubwa kwa sababu kanda ya Betty Cantor-Jackson, fundi wao wa kurekodi, ilikuwa safi mno, ikasambaa kuliko nyingine. Nakubali nusu. Usafi wa kanda ndio ulioifikisha masikioni mwa wengi, hata Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Lakini sikilizeni mwisho wa wimbo “Scarlet Begonias” katika onyesho hilo. Wimbo haukati. Ngoma mbili zinabaki palepale, besi ya Phil Lesh inaanza kuhama taratibu, gitaa la Garcia linazunguka kama linatafuta njia, na ghafla unatambua uko ndani ya wimbo mwingine, “Fire on the Mountain”, wala hujui umeingia saa ngapi. Hakuna kinasa sauti kinachotengeneza kitu hicho. Watu sita au saba wanasikilizana, basi.

Na kusikilizana kwenyewe walikugharamia. Mwaka 1974 walizunguka na ukuta wa spika zinazokaribia 600, umesimamishwa nyuma yao, ili wasikie kilekile wanachosikia watazamaji. Kila mwimbaji alikuwa na vipaza sauti viwili vilivyounganishwa kinyume ili mtambo usipige mluzi. Hata kila uzi wa besi ulikuwa na spika zake. Gharama zikawashinda, Oktoba mwaka uleule wakauacha. Bendi isiyojali mtazamaji isingejitwisha mzigo ule.

Turudi Giza, maana wengi wanaitaja kama ushahidi wa kushindwa. Usiku wa 16 Septemba, mwezi ukipatwa juu ya piramidi, alianza Hamza El Din, mwanamuziki wa Kinubi, na waimbaji wake: sauti, ngoma za mkono, makofi. Bendi ikaingia mmoja mmoja, bila haraka, mpaka makofi ya Wanubi na gitaa la Garcia yakawa kitu kimoja. Mimi hapo huacha nilichokuwa nakifanya.

Kwa hiyo anayebisha namwomba ataje tarehe. Asiseme “walikuwa wabovu” kwa jumla. Atuletee onyesho, tulisikilize lote, sehemu zake zote mbili pamoja na kipande cha ngoma tupu, tuone kama hamna hata dakika kumi za kumjibu. Mimi natanguliza hiyo ya Giza, piano mbovu na yote. Karibuni.