Makato ya pensheni Uingereza: nijitoe au nibaki?

Swali
Ndugu zangu, habari za kazi. Nimeanza kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Leeds, na hati yangu ya mshahara inaonyesha kwamba katika pauni 2,000 nimekatwa 59.20 za pensheni, ilhali sikujaza fomu yoyote. Kwetu Tanzania nilikuwa mwanachama wa NSSF na nimezoea habari za fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako unapoacha kazi. Nikirudi nyumbani baada ya miaka mitano, fedha hizi nitazipata? Mwenzangu wa zamu ananishauri nijitoe mapema.

Jibu la 1
Pole na ugeni, dada. Hukujaza fomu kwa sababu utaratibu ulioanza 2012 unamtaka mwajiri amwandikishe mwenyewe mfanyakazi aliyetimiza miaka 22, ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali na analipwa zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka. Katika mshahara wako, pauni 520 za kwanza hazihesabiwi, hivyo zinabaki 1,480. Wewe unatoa 59.20, serikali inaongeza 14.80 za nafuu ya kodi, na mwajiri anaweka 44.40, jumla 118.40 kwa jina lako. Ukijitoa, hizo 44.40 huzioni tena.

Jibu la 2
Mimi nilijitoa mwaka wangu wa kwanza ili nimlipie mdogo wangu ada, na mpaka leo naumia nikiikumbuka michango ya mwajiri niliyoiacha. Fao la kujitoa hapa halipo. Ukijitoa ndani ya mwezi mmoja tangu uandikishwe, unarudishiwa ulichokatwa. Ukichelewa, unaweza kusimamisha michango, lakini iliyokwisha kuingia inakaa hadi utimize miaka 55, umri ambao utapanda kuwa 57 Aprili 2028. Kurudi nyumbani hakukunyang'anyi kitu. Itunze barua yenye namba yako ya uanachama, na kila ukihama chumba uwajulishe wenye mfuko, la sivyo barua zao zitaendelea kwenda anwani ya zamani.

Jibu la 3
Usiyachanganye makato hayo na ya Bima ya Taifa, ambayo yako kwenye mstari wake katika hati hiyohiyo na ndiyo yanayojenga pensheni ya serikali. Hiyo kwa kawaida inahitaji angalau miaka 10 ya michango, kwa hiyo mitano yako pekee haitoshi, na anayeipokea akiwa Tanzania haongezewi kila mwaka kama aliyebaki Uingereza. Kwa mtu mwenye mpango kama wako, mfuko wa kazini ndio wa kuushikilia.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Barua nimeipata, na nimeamua kubaki.