Naomba ushauri: tuhamie toleo jipya la Dungeons & Dragons au tubaki na la 2014?

Wakuu, habari zenu. Mimi ndiye msimulizi wa kundi letu la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, na kampeni yetu, yaani hadithi ndefu tunayoicheza, iko katikati. Wenzangu wawili wanataka tuhamie vitabu vilivyoanza kutoka 2024. Waliobaki hawataki hata kusikia.

Binafsi navutiwa na sheria mpya za silaha, maana mpiganaji wa upanga sasa ana mbinu zake, si kupiga tu zamu baada ya zamu. Ila nyongeza za uwezo zimeondolewa kwenye jamii ya mhusika (kama binadamu au dwafu, yule mtu mfupi wa hadithi) zikapelekwa kwenye maisha yake ya nyuma, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Mmoja analalamika kwamba dwafu wake hatakuwa dwafu tena. Simlaumu, mhusika huyo amemlea tangu ngazi ya kwanza.

Toleo la nne la 2008 liliwagawa wachezaji, wengi wakahamia Pathfinder, mchezo mshindani wa aina hiyo hiyo. Sitaki sisi tufike huko.

Mliowahi kuhama kampeni ikiendelea, wahusika wa zamani mliwaacha na sheria zao, au mlisubiri hadithi iishe kwanza? Na meza moja ikichanganya vitabu vya 2014 na 2024, hakuna anayepunjika?