Taarifa za washiriki kwenye NVivo: zinakaa kwenye faili au kwa mtu?

Mtoto_wa_Tandika

Habarini wakuu, na shikamoo kwa wakubwa.

Niko kwenye uchambuzi wa data za tasnifu ya uzamili. Utafiti wangu unahusu mama lishe na baba lishe na nishati wanayopikia: nani kaingia kwenye gesi, nani kabaki na mkaa, na kwa nini. Tangu mkakati wa nishati safi ya kupikia utoke 2024 na lile lengo la asilimia 80 ifikapo 2034, wasimamizi wote wanataka tasnifu ya gesi, na mimi sikupona. Nimesaili watu 24 mmoja mmoja kwenye masoko ya Dar, Buguruni, Tandika na Feri, halafu nikafanya majadiliano ya vikundi vinne, watu sita hadi wanane kila kikundi.

Kila mshiriki alijaza fomu fupi kabla ya kuanza: umri, jinsi, elimu, hali ya ndoa, idadi ya watoto, kabila, wilaya, miaka kwenye biashara, mtaji aliutoa wapi, anapikia nini. Fomu ziko kwenye bahasha, nukuu (maneno yote ya mazungumzo yaliyorekodiwa, sasa yako kwa maandishi) ziko kwenye NVivo, programu ya kuchambulia data za maneno, na hizo mbili bado hazijakutana.

Kwa sasa nimeandika kila kitu kwenye jina la faili, mfano Usaili_07_Ke_34_Darasa7_Buguruni. Rafiki yangu wa maabara ananiambia nitengeneze misimbo (lebo za kubandika kwenye vipande vya maandishi) ya "mwanamke", "darasa la saba" na kadhalika, kisha niipake nukuu nzima. Kwenye usaili naona inawezekana. Kwenye vikundi nimekwama kabisa: faili moja, watu wanane, nampaka nani? Na msimamizi anataka jedwali la wanawake walisema nini, wanaume walisema nini.

Halafu, ni lazima niingize vyote vilivyo kwenye fomu?

Kaka_Jedwali

Mkuu unajitesa. Weka kila kitu kwenye Excel, mstari mmoja mtu mmoja, na nukuu zako muhimu unazibandika pembeni. Ukitaka wanawake unachuja, ukitaka Tandika unachuja. NVivo ya nini kwa watu wasiofika 60?

Mama_Nukuu

Marahaba mwanangu. Kazi yangu ni kusafisha na kuchambua data za watu wengine, nafanyia hapa Sinza, na miradi mingi inayonifikia mezani imekwama palepale ulipokwama wewe.

Kaka Jedwali hajakosea kuhusu Excel, ila ameianzia mwishoni. Nitarudi kwake.

Umri ni wa mtu, faili halina umri. Kwenye usaili wa mmoja mmoja hulioni hilo kwa sababu faili moja ni mtu mmoja, kwa hiyo ukiandika sifa kwenye jina la faili inaonekana kama imekaa vizuri. Kikundi ndicho kinachoumbua. Ndiyo maana NVivo ina mahali pake pembeni kushoto palipoandikwa Cases, sisi tunasema kesi. Kesi yako ni mtu. Kila mshiriki anapata kesi yake, na ndani ya kesi hiyo unaingiza kila alichosema, popote alipokisemea. Kama kuna mama uliyemsaili peke yake Buguruni kisha akaja tena kwenye kikundi, maneno yake ya pande zote mbili yanaingia kesi moja. Sifa zake unazibandika kwenye kesi mara moja tu, basi.

Hiyo misimbo ya "mwanamke" aliyokushauri rafiki yako haitakuua, lakini msimbo ni wa kilichosemwa. Ukichanganya humo na nani kasema, orodha yako itafika misimbo mia na nusu yake haina wazo lolote ndani.

Vikundi sasa. Kabla hujagusa programu, rudi kwenye nukuu. Kila aya ianze na kitambulisho cha msemaji na nukta pacha, kwa mtindo mmoja tangu juu mpaka chini: B2-P3: halafu maneno yake. NVivo inaweza kusoma majina ya wasemaji yenyewe na kugawa maneno kwa kila kesi. Ila ukiandika B2-P3 hapa na "Mshiriki wa 3" pale, utapata watu wawili. Na pale mnukuzi alipoandika "sauti ya kike, haijulikani", tengeneza kesi ya wasiojulikana ya kikundi hicho. Usimpachike mtu kwa kubahatisha. Kwa makelele ya mnada wa samaki pale Feri, najua unao wa kutosha.

Hapa ndipo Excel ya kaka yetu inapoingia. Safu wima ya kwanza weka jina la kesi kama lilivyo kwenye NVivo, herufi kwa herufi. Safu zinazofuata ni sifa. Kisha unaiingiza kwa pamoja badala ya kuandika mtu mmoja mmoja. Kama kesi inaitwa P07 na kwenye Excel umeandika P7, usishangae kukuta kesi ya ziada isiyo na neno hata moja ndani. Na kwa programu, "kidato cha nne", "kidato cha 4" na "Kidato 4" ni elimu tatu tofauti. Amua andiko moja kabla ya kuanza, na uchuje kila safu uone kama kuna kilichojirudia kwa sura nyingine. Kaka Jedwali, hiyo kazi ya kuchuja ni yako.

Mambo mengine yanategemea unavyoijua Dar. Umesema "wilaya". Ipi? Wamama wengi wa Feri wanalala Kigamboni, wanavuka na pantoni alfajiri. Wa Buguruni utakuta anatoka Chanika. Kwa swali lako la gesi, anapopikia ni jambo moja na anapoishi ni lingine, na mtungi anauacha wapi usiku ni la tatu. Fanya safu mbili, sokoni na nyumbani, na hilo la tatu liache kwenye maneno yao.

Elimu pia. Watu wa Pwani, hasa wamama wa umri wangu, ukimuuliza elimu anakwambia "nimesoma madrasa". Msaili mwenye haraka anaandika "hakusoma". Huyo mama anasoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu na daftari la madeni analo! Weka safu ya shule na safu ya madrasa.

Visanduku vitupu usiviache. NVivo ikikuta wazi inaweka neno lake la Unassigned, na hutajua tena kama hukuuliza, au alikataa, au swali halimhusu. Andika wewe mwenyewe: "hakuulizwa", "hakutaka kujibu", "haihusiki". Kwenye hali ya ndoa na mtaji, mtu kutotaka kujibu ni habari tosha.

Kuhusu kuingiza vyote, hapana. Kila safu iulize utaifanyia nini. Idadi ya watoto, kama hufikirii kulinganisha wenye wengi na wenye wachache, inabaki kwenye bahasha. Kabila liache. Hata sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya 1967, sijui wewe na watu wako 24 mnalitafutia nini.

Na majina. Karatasi inayosema P07 ni nani isikae ndani ya mradi wa NVivo, wala kwenye kompyuta ya maabara ambayo kila mwanafunzi anaifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na cheti chako cha maadili nacho bila shaka kina kifungu cha usiri uliosaini.

Mtoto_wa_Tandika

Mama, asante sana. Nimeanza na kikundi cha Tandika na wasemaji wamegawanyika vizuri. Majina ya faili nimeyafupisha.

Ila nimepata jambo lingine. P11 kwenye fomu amejaza "ameolewa". Katikati ya usaili anasema mume aliondoka zamani na yeye ndiye anayelipa kila kitu, ndiyo maana hawezi kununua mtungi mkubwa. Na wengi waliojaza "mkaa" kwenye nishati, ukisoma nukuu wana gesi pia, wanaitumia kwa chai ya asubuhi, halafu maharage wanarudi kwenye mkaa. Nibadilishe Excel iendane na walichosema?

Mama_Nukuu

Usibadilishe.

Fomu ni jibu alilompa mgeni mwenye kalamu, pale kibandani, wateja wakisikia. Usaili ni jibu alilompa mtu aliyekwisha kukaa naye. Yote mawili ni data, na tofauti yake ni data zaidi. Ukifuta "ameolewa" na kuweka "ameachika", umefuta ushahidi kwamba mbele ya watu anapenda ajulikane ana mume, na kwa mama anayefanya biashara peke yake sokoni hiyo ina maana kubwa. Safu iite "ndoa, kwa fomu". Alichokisema baadaye kipe msimbo kwenye nukuu, na kwenye kesi yake andika kumbukumbu fupi kwamba viwili hivi havilingani.

Nishati ni tofauti kidogo, na ningekuwa msimamizi wako ningekuuliza kwa nini iko kwenye fomu kabisa. Hilo ndilo swali lenyewe la utafiti wako! Mtu anayewasha gesi kwa chai na mkaa kwa maharage haingii kwenye kisanduku cha "gesi" wala cha "mkaa", na tasnifu yako yote inaishi hapo katikati. Kama unataka safu, itengeneze mwishoni, baada ya kusoma nukuu zote, kwa makundi yaliyotoka kwao: mkaa tu, gesi kwa vitu vya haraka, gesi kwa kila kitu, na mengineyo utakayoyakuta. Iite kwa jina linaloonyesha kwamba wewe mchambuzi ndiye uliyeiweka, isichanganyike na zile za fomu.

Mtaji ufanyie hivyohivyo. Kwenye fomu watajaza "kikoba" au ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, kwa sababu inatajika. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, hutaiona kwenye fomu. Itakuja kwenye mazungumzo, kwa sauti ya chini.

Mchambuzi_Kimara

Naongezea kwa wanaosoma uzi huu na hawana leseni ya NVivo. QualCoder ni ya bure na ina kesi na sifa kama alivyoeleza mama. Taguette nayo ni ya bure na ni rahisi mno kuanza nayo, lakini ni ya kupigia mstari na kuweka misimbo tu. Sifa za watu itabidi uzishike nje, na hapo kweli Excel ya Kaka Jedwali ndiyo mkombozi.

MAXQDA inakuruhusu kuingiza nukuu ya kikundi ikamtambua kila msemaji na kumpa sifa zake. ATLAS.ti kwa usaili unaweka nyaraka kwenye makundi, kundi la wanawake, kundi la Tandika, na waraka mmoja unaweza kuwa kwenye makundi mengi. Kwa vikundi, huko wasemaji na sifa zao vinakaa kama misimbo, kwa hiyo ushauri wa rafiki wa maabara, kwenye programu hiyo, ungekuwa sahihi.

Mama_Nukuu

Kweli kabisa, Kimara. Labda rafiki yake alijifunzia huko.

Nilisahau jedwali la msimamizi. Ukishamaliza, NVivo itakupa jedwali la misimbo kwa sifa, mfano "bei ya kujaza mtungi" upande mmoja, jinsi upande mwingine. Angalia linahesabu nini. Likihesabu vipande vya nukuu, mwanaume mmoja msemaji sana kwenye kikundi anaweza kuonekana kama wanaume wote wana shida na bei. Badilisha lihesabu kesi, yaani watu. Na hata hapo usiandike asilimia. Bonyeza kisanduku, fungua, soma waliyosema. Jedwali ni la kukuonyesha pa kwenda kusoma.

Kisanduku chenye sifuri nacho kifungue akilini. Inawezekana wanawake wa kikundi hicho hawana la kusema kuhusu bei, au inawezekana walikaa na wanaume watatu wasionyamaza.

Mtoto_wa_Tandika

Hapo umenigusa. Baba lishe ninao watano tu jumla, na Feri ni mmoja. Safu ya jinsi niiache au niitoe?

Mama_Nukuu

Iache ndani ya programu, inakusaidia kusoma. Shida itakuja kwenye kuandika ripoti. Ukinukuu "mwanaume, miaka 52, muuza chakula, Feri", pale sokoni mpaka mbeba ndoo anamjua. Na kama kwenye nukuu hiyo anamlalamikia msimamizi wa soko, umemuuza.

Kwa huyo, ukimnukuu, toa umri na toa soko. Andika "mwanaume, zaidi ya miaka kumi kwenye biashara". Kwa wamama wa Tandika walio wengi unaweza kuweka soko na rika, ila umri kamili usiuweke kwa yeyote. Kwenye Excel tengeneza safu ya pili ya rika na hiyo ndiyo uitumie kwenye maandishi. Ukimaliza sura ya matokeo, mpe mtu anayeifahamu Feri aisome, umuulize kuna yeyote anayemtambua.

Kaka_Jedwali

Mama, hiyo safu ya rika ni fomula moja tu. Dogo nitumie faili ndani, lisilo na majina, nikuwekee.