Duma wa kituoni kwetu: wa Afrika Kusini kweli, au wamevushwa kutoka Pembe ya Afrika?

BintPangani

Assalamu alaykum, na wengine habari zenu. Mimi mzaliwa wa Pangani, huu mwaka wa sita natunza wanyama kwenye kituo kimoja cha kuokoa wanyama hapa Emirates. Jina la kituo naomba nisilitaje.

Nina duma wawili, dume na jike. Waliletwa wakiwa wadogo, kila mmoja namnyanyua kwa mkono mmoja. Dume ana matege miguu ya mbele, maana huko alikotoka alilishwa minofu mitupu ya kuku, mfupa hakuuona. Jike ana kovu la kamba shingoni na manyoya hayajaota hapo mpaka leo. Usiku wakitafutana utadhani vifaranga vimepotezana na mama yao. Duma hangurumi kama simba, mlio wake ni wa ndege. Miezi ya kwanza nilikuwa naamka saa tisa usiku kuwapa maziwa, kwa hiyo msinishangae nikiandika kwa uchungu.

Shida ni hii. Aliyewakabidhi alikuja na karatasi inayosema wamezaliwa kwenye shamba la kuzalisha duma Afrika Kusini. Mwenzangu wa zamu, kijana wa Hargeisa, Somaliland, alipowaona siku ya kwanza alisema, "Hawa wa kwetu." Sasa meneja anataka kibao kwenye uzio, na kibao kina mstari wa "Asili". Yeye anasema tufuate karatasi, yaishe. Mimi mkono unakataa. Familia zinakuja hapa Ijumaa, watoto wanasoma kile kibao kwa sauti.

Naomba msaada: damu au manyoya yanaweza kusema walikotoka? Na karatasi kama hii mtu anaikaguaje?

FundiMaabara_Moro

Wa alaykum salaam dada. Mimi niko maabara Morogoro, kazi yangu zaidi ni ng'ombe, lakini hili nalifahamu kiasi.

Vinasaba vinaweza kukusaidia. Duma wa Pembe ya Afrika wana jina lao la kisayansi, Acinonyx jubatus soemmeringii, na wanapambanulika na wale wa kusini, yaani Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Nyoya lililong'olewa na kishina chake linatosha kwa kipimo. Usilikate kwa mkasi.

Ila usitarajie kuambiwa kijiji. Duma kama kabila zima waliponea chupuchupu kutoweka zamani sana, na waliopo leo wana damu inayofanana mno. Miaka ya 1980 watafiti walibandika vipande vya ngozi kutoka duma mmoja kwenda kwa mwingine asiye ndugu yake, na miili ikavipokea. Pia kumbuka kipimo kitakutajia ukoo. Mahali alipozaliwa hakikutajii.

Kabla ya maabara, soma chipu zao, vile vidude vya utambulisho chini ya ngozi, ulinganishe namba na karatasi. Kisha uliza namba yao kwenye daftari la kimataifa la nasaba ya duma. Shamba la maana huwaandikisha watoto wake humo.

AbdiGarissa

Dada, mimi nimelelewa na mbuzi na ngamia, nikupe upande wa huku.

Duma jike akienda kuwinda huwaacha watoto wake majanini. Mchungaji akiwakuta anadhani wametupwa. Au duma amekula mbuzi wawili, mwenye mbuzi anafuata nyayo, anachukua watoto ili walau arudishe hasara yake. Hapo ndipo dalali anatokea na pesa. Wanasafirishwa ndani ya maboksi na magunia hadi pwani ya Somaliland, mashua inavuka Ghuba ya Aden kwenda Yemen, halafu barabara mpaka huko uliko. Shirika la Cheetah Conservation Fund, lile la Namibia ambalo lina kituo pia Somaliland, linakadiria watoto kama 300 wanatoroshwa kila mwaka. Wengi hufa njiani kwa njaa na kuhara.

Ombi langu: usikimbilie kuandika "Somalia" kwenye kibao. Wengine wanachukuliwa Ethiopia, wengine kaskazini mwa Kenya kwetu, na duma hajui mpaka. Anayesoma ataondoka akisema Wasomali ni wezi wa wanyama. Na yule aliyelipa maelfu ya dirham ili apige naye picha kwenye gari, kibao kitamtaja?

Msafiri_Muscat

Mimi nitasema tofauti kidogo, mniwie radhi. Si kila duma wa huku ameibwa. Ndani ya Emirates kuna vituo vinavyozalisha duma wa Pembe ya Afrika kwa miaka mingi. Kwa hiyo hata vinasaba vikitoka vya Pembe, mtu anaweza kukuambia wamezaliwa hapa hapa, na ikawa kweli.

Lakini tangu sheria ya 2016 ilipokataza watu binafsi kufuga wanyama hatari, wapo wanaokabidhi mnyama na karatasi yoyote iliyo karibu. Ikague.

FundiMaabara_Moro

Msafiri amegusa penyewe. Ila kwa kanuni za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mnyama hahesabiwi "amezalishwa kifugoni" kwa sababu tu amezaliwa kwenye banda. Lazima na wazazi wake wawe walipatikana kihalali. Duma yuko Kiambatisho cha I, orodha yenye masharti makali zaidi, tangu 1975. Ukiiba mama, mtoto hasafishiki kwa kuzaliwa mikononi mwako.

BintPangani

Ndugu zangu, nimerudi. Jana baada ya kulisha niliitoa ile karatasi nikaisoma mstari kwa mstari, sikuwahi kufanya hivyo.

Chipu ya dume inalingana. Jike hana chipu kabisa, tumempitisha mashine mara tatu. Lakini kilichonitoa jasho ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa karatasi hiyo, siku wanafika kwetu walikuwa na miezi kumi na moja. Mimi niliwapokea kwa mikono yangu! Walikuwa bado na yale manyoya marefu ya kijivu mgongoni, na meno ya utoto yote. Duma wa miezi minane huwa anaota meno ya ukubwani. Nina picha kwenye simu, dume amepiga miayo, meno kama sindano. Hata kama chipu ya dume inalingana, tarehe ile si yao.

Asubuhi nimempelekea meneja picha na karatasi pamoja. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema nitoe manyoya, na daktari wetu ataulizia lile daftari. Bahasha mbili ziko kwenye jokofu, kila moja na jina lake.

Abdi, maneno yako nilimsomea kijana wa Hargeisa. Kibao kimewekwa bila mstari wa asili. Kina sentensi moja kwamba walitengwa na mama yao kabla hawajafundishwa kuwinda, ndiyo sababu hawawezi kurudishwa porini. Kijana huyo aliomba kitu kimoja tu, chini ya neno Duma tuandike na Haramcad, jina lao la Kisomali. Ameliandika mwenyewe.

FundiMaabara, nywele za mkiani zinafaa, au ningetoa za shingoni?