Kampuni ikifilisika, kifaa kilichomo kichwani kinabaki mikononi mwa nani?

Wakuu, kila ikitajwa Neuralink, kampuni ya bilionea Elon Musk inayopandikiza vifaa kwenye ubongo, tunaishia kwenye swali lilelile: je, watasoma mawazo yetu? Leo naomba tuliweke kando. Lipo jingine linalowagusa watu walio hai sasa hivi.

Januari 2024 Noland Arbaugh, kijana wa Marekani aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini, alipandikiziwa kifaa cha kampuni hiyo: nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, zenye elektrodi (vituo vidogo vya kupitishia umeme) 1,024. Machi tukamwona akicheza sataranji kwenye kompyuta kwa kuwaza tu. Nilifurahi mno. Ila wiki chache baada ya upasuaji baadhi ya nyuzi zilikuwa zimechomoka kwenye ubongo, uwezo ukashuka. Wahandisi wakairekebisha programu inayotafsiri ishara za ubongo, mambo yakarudi kuwa mazuri. Fuvu halikufunguliwa tena. Waliomwokoa ni waajiriwa wanaolipwa mshahara, wenye ruhusa ya kuigusa programu ile. Siku wasipokuwepo je?

Hilo limeshatokea, kwenye jicho. Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilitengeneza Argus II, kifaa cha kuwasaidia vipofu kuona kidogo: elektrodi 60 juu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) zikipokea picha kutoka kamera ndogo iliyofungwa kwenye miwani. Zaidi ya watu 350 duniani waliwekewa. Mwaka 2013 mama mmoja kati yao alikuwa akibadilisha treni za chini ya ardhi New York, yuko karibu kushuka ngazi, akasikia "bip, bip, bip", kisha giza. Kifaa hakikuamka tena. Wakati huo kampuni ilikuwa bado hai! Mwaka 2019 ikaachana na Argus, na Machi 2020 ikapunguza karibu wafanyakazi wote. Waliobaki na kile chuma machoni wakawa hawana fundi wala vipuri.

Msimamo wangu: asipewe mtu idhini ya kufungua fuvu la binadamu mpaka awe ametenga fedha za kumhudumia mgonjwa huyo maisha yake yote, ikiwemo gharama ya kukitoa kifaa. Karibuni tupingane.

*

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unaongea kama mtu ambaye mikono yake inafanya kazi. Aliyelala miaka minane akisubiri mtu aje amgeuze ubavu haogopi kufilisika kwa kampuni. Amesomewa hatari zote, amesaini kwa hiari. Na sharti lako litaua kampuni changa, abaki bilionea mmoja sokoni. Hapo utakuwa umemsaidia nani?

*

Mleta mada: Hoja ya kampuni changa nimeikubali, imenifanya nifikiri upya. Basi fedha zisikae kwa kila kampuni peke yake. Ziwe na mfuko mmoja, kila anayeomba idhini ya FDA, mamlaka ya Marekani inayoidhinisha dawa na vifaa tiba, achangie kulingana na idadi ya watu aliowapandikizia. Na michoro ya kifaa pamoja na programu vikabidhiwe mamlaka mapema, ili kampuni ikifa, fundi mwingine aruhusiwe kuendelea. Hilo la pili ni rahisi, na ndilo lingewafaa wale wa Argus kuliko fedha.

La kusaini silikubali hata kidogo. Australia kulikuwa na mama mwenye kifafa aliyewekewa kifaa cha kumtahadharisha kabla ya degedege kumjia. Kilimrudishia maisha. Kampuni ikaishiwa fedha, akaambiwa kitolewe. Yeye na mumewe wakajaribu kukinunua, ikashindikana, kikatolewa. Naye alikuwa amesaini. Alisaini kuhusu damu, maambukizi na upasuaji. Kuwa mtu aliyeshazoea kuishi bila hofu, halafu anyang'anywe kwa sababu hesabu za watu wengine hazikukaa sawa, hilo mtu analipimaje akiwa bado hajalionja?

Kama hata mfuko wa pamoja mnaona ni mzigo mzito, nielezeni basi nani aubebe badala ya mgonjwa.