Premio ya 2004: cc 1500 au D4?

Wakuu, nimeonyeshwa Toyota Premio mbili za 2004: moja cc 1500, nyingine cc 2000 D4. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

— Chukua 1500, mkuu. Injini ni 1NZ, ina cheni ya kuendesha valvu badala ya mkanda, na oili ni lita 3.7 pamoja na filta. D4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za hewa hazioshwi. Masizi yakijaa gari hutetemeka likisimama kwenye taa.

— Iwashe asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto, rudi kesho. Ukiona moshi wa bluu, injini inachoma oili: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka.

— Pita tuta polepole. Ikigonga ko-ko mbele, angalia bushi (mipira ya kwenye viungo vya chini) na stabilaiza linki (fimbo fupi karibu na tairi). Hizo si ghali, ombea punguzo.