Mimi nina steshenari, sina ghala la paswedi zenu. Mnatuchosha jamani!

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia nikiruka huku na huku.

Leo asubuhi nimeitwa mwizi mbele ya wateja sita. Dukani kwangu mwenyewe, hapa Sabasaba, Dodoma mjini, fremu nimelipia miezi sita mbele.

Ilikuwa hivi. Baba mmoja wa makamo kashuka na gari ya kwanza kutoka Bahi, kaingia, kavuta kiti, kasema, "Kijana, nifungulie imeili yangu nione kama wamenijibu." Nikamsogezea kibodi. Imeili akaiandika nusu, nyingine tukakisia wote wawili mpaka ikakubali. Nikamuuliza, na paswedi baba? Akaniangalia kama nimemuuliza jina la ukoo wake.

"Si unayo wewe? Wewe ndiye uliyenifungulia."

Ni kweli nilimfungulia mimi, mwaka jana. Alikuja kujisajili kwenye mfumo mmoja, siutaji, ule unaotaka imeili hata kabla haujakuuliza jina. Hakuwa na imeili, hajawahi kuandikiwa imeili na mtu yeyote duniani. Nikamfungulia. Paswedi akachagua mwenyewe, akaiandika mwenyewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikamwambia baba hii itunze kama hati ya shamba. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Shati likafuliwa.

Basi nikabonyeza pale pa kusahau paswedi. Jibu likaja kwamba wametuma namba za uthibitisho kwenye simu inayoishia na 47.

"Baba, hii 47 ni ya nani?"

"Ya shemeji." Siku ile simu yake haikuwa na chaji.

"Shemeji yuko wapi?"

"Shemeji yupo. Ila ile laini alishaitupa."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Oo, nyie ndio mnauza imeili za watu. Oo, nyie mnakula nafasi za watoto wa maskini. Na dada mmoja aliyekuwa anasubiri kopi akawa anatikisa kichwa kumkubalia! Dada mwenyewe wiki iliyopita nilimrekebishia CV bure. Hicho kichwa ndicho kimeniuma kuliko maneno ya baba.

Sasa naomba niseme mara moja, muwaambie na wazazi wenu huko nyumbani. Gmail haikujui kwa sura. Haikujui kwa namba ya NIDA wala kwa barua ya mtendaji wa mtaa. Inakujua kwa paswedi yako, namba ya simu uliyoweka, imeili ya pili kama uliweka, na kifaa ulichozoea kuingilia. Huyu baba paswedi imekwenda na maji ya sabuni, laini imetupwa, imeili ya pili hana, na kifaa ni kompyuta yangu ambayo tangu mwaka jana nimeipiga Windows upya mara tatu kwa sababu ya flashi zenu. Mimi nitaingilia wapi? Kwenye tundu la printa? Na hakuna dirisha la Google hapa Uhindini la kwenda kupanga foleni na picha mbili za pasipoti. Tena akaunti ikikaa miaka miwili bila kuguswa wanaweza kuifuta kabisa. Walitangaza mwaka 2023 na kazi ya kufuta wakaianza Desemba ile ile. Kuna watu wameshafutiwa na hawajui, watajua siku wakiitwa kwenye usaili.

Nikiri na langu, maana najua kuna wenzangu wa zamani humu watalitoa.

Nilipoanza hii kazi kila steshenari ilikuwa na kaunta buku. Ya kwangu ilikuwa ya kwaya tatu, jalada jeusi, nimeichora mistari kwa rula: jina, imeili, paswedi. Paswedi zenyewe ni jina la mteja, herufi ya kwanza kubwa, halafu 123. Mteja akirudi hata baada ya mwaka, nafunua, dakika mbili tumeingia, ananiachia elfu moja, anaondoka na furaha. Watu waliipenda ile huduma. Na ulikuwa ujinga mtupu. Daftari linakaa mezani, mtu anayesubiri printi analifunua kama gazeti. Kijana niliyekuwa namwachia duka akaacha kazi ghafla, mpaka leo sijui kama hakupiga picha kurasa mbili tatu za kwenda kuanzia maisha. Mle ndani mlikuwa na watu zaidi ya mia nne. Ukiwa na imeili ya mtu na paswedi yake unabadilisha paswedi za sehemu nyingine zote alizojisajili kwa imeili hiyo, maana kila ukibonyeza "nimesahau", barua inakuja pale pale.

Kilichonishtua ni hii Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilipoanza kutumika Mei 2023. Mimi si mwanasheria, ila niliposikia inajadiliwa redioni nikaligeukia lile daftari, nikaona hii ni kesi iliyokwisha kuandikwa na kujaladiwa, inasubiri hakimu tu. Jioni ile nikalichana, nikampelekea mama ntilie wa jirani. Paswedi za watu mia nne zikachemsha maharage.

Tangu hapo sheria ya dukani ni moja: paswedi unaandika mwenyewe, mimi nageukia ukutani. Kama hujui kuandika kwa kibodi, tutasubiri, hata dakika ishirini. Wateja wananuna. "Kwani unaniogopa?" Mwingine anaitaja kwa sauti duka zima lisikie, ili nimwandikie mimi. Zamani ningeitwa mwizi kwa kuwa nazijua, leo nimeitwa mwizi kwa kuwa siijui.

Na nyie mnaotengeneza hii mifumo, najua mmo humu, wengine mnashuka na daladala za Mtumba, kwenye ofisi za serikali, kila jioni mkipita mbele ya duka langu. Hivi mnapoweka kile kinyota chekundu cha lazima kwenye "barua pepe" mnamfikiria nani? Mtu yuko Hombolo na kiswaswadu chake, kisimu cha vitufe. Ile laini imesajiliwa kwa alama ya kidole chake, mnakumbuka wenyewe zile foleni, na ilipofika Januari 2020 ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo serikali, kampuni ya simu na mwenye simu wote wanakubaliana kwamba namba ile ni yake. Anayo mfukoni, anapokelea hela za mahindi, anaiangalia mara hamsini kwa siku. Mtumieni meseji! Kuna ugumu gani? Badala yake mnamlazimisha afungue sanduku la barua ambalo hatalitembelea, ufunguo anauacha kwa mtu wa steshenari, na siku ya kuitwa mnasema "tulikutumia imeili, hukujibu".

Halafu hii ya PDF isizidi 2MB. Mteja anakuja na vyeti vinne kwenye simu, kavipiga picha juu ya kitanda, shuka la maua linaonekana pembeni na kivuli cha kichwa chake kiko juu ya ngao ya taifa. Picha moja inaweza kufika 4MB. Anataka ziunganishwe, ziwe faili moja, lisizidi 2MB, na lisomeke. Nikimwambia leta vyeti vyenyewe niskani, anasema viko Mpwapwa kwa mama.

Kwa faida yenu: ukiskani ukurasa wa A4 kwa rangi kwa dpi 300 (nukta kwa kila inchi), faili linavimba. Shusha mpaka 150, chagua rangi ya kijivu, kurasa nne zitaingia na bado utasoma jina la mkuu wa shule. Shida ni kwamba mfumo mwingine unataka muhuri uonekane rangi yake ya bluu. Kwa hiyo rangi iwepo, 2MB isizidi, na maandishi yasomeke. Hayo matatu kwa pamoja kuyapata ni kama kupata zabibu tamu ya bure hapa mjini.

Sasa wajanja mnakimbilia tovuti za bure za kupunguza PDF. Unapakia cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, nchi usiyoijua, halafu ukifika kwangu unafunika kibodi kwa mkono. LibreOffice ni ya bure na haihitaji bando: unapotoa PDF kuna sehemu ya kushusha ubora wa picha na ukubwa wake. Mimi natumia hiyo kila siku, na nikimwonyesha mteja anasema, "Aah, mbona hiyo haina ile rangi nyekundu ya kubonyeza?"

WhatsApp sitaki hata kuanza. Mwalimu mmoja aliunganisha WhatsApp yake kwenye mashine namba mbili achukue faili la mitihani, akalipa, akaondoka. Aliyekaa baada yake alikuwa mwanafunzi. Nimeiwahi mimi, Mungu ni mwema. Ukiondoka kwenye kiti haimaanishi umetoka. Kwenye simu yako kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ingia pale ukikate. Usisubiri kijikate chenyewe, maana maadamu simu yako inaendelea kutumika kitabaki hapo kinapokea meseji za shemeji zako.

Na flashi. Hizi flashi zenye vishale, ambazo mafaili yamegeuka njia za mkato, mnaleta kila siku na mnaniambia "kompyuta yako imeniharibia". Mafaili yako yapo, yamefichwa tu na kirusi, narudisha kwa amri moja ya attrib na kirusi nakifuta. Ila kabla sijajua kimesharukia mashine yangu. Na mashine zangu mbili ni za kizazi cha nne cha Intel, Windows 11 inataka cha nane kwenda mbele pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo zimebaki na Windows 10 ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Nanunua nyingine kwa hela ipi? Ya kopi za shilingi mia? Bado vumbi la Julai na ule upepo wetu, linaingia kwenye printa mpaka karatasi inatoka na milia kama pundamilia. Nimeanza kuweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, kwenye moja. Wateja wakiiona wanauliza kama ni mbovu.

Nimemaliza. Kesho nabandika tangazo mlangoni, mwenye kununa anune.

NYONGEZA, saa 2 usiku:

Mkuu uliyesema nibadili biashara nikauze chipsi, asante, ila hata chipsi siku hizi watu wanataka kulipia kwa simu ambayo PIN wameisahau.

Uliyeuliza kama nawatoza hela ya kurudisha akaunti: sitozi isipofanikiwa, ndiyo maana siku kama ya leo nimefanya kazi ya bure kwa muda wa saa tatu.

Mliouliza ya baba wa Bahi. Hajaondoka, alishinda dukani. Mchana alipopoa nikamwambia tujaribu kuipigia ile namba ya 47, huenda shemeji hajaitupa. Ikaita! Akapokea mama mmoja, yuko Manyoni, laini ameinunua juzijuzi, maana namba ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine. Nikajieleza kwa adabu zote: mama samahani, kuna meseji itaingia hapo yenye namba, naomba unisomee. Nilipomaliza tu kuyasema hayo masikio yangu yenyewe yakanisuta, maana ndivyo wanavyoongea wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama akasema, "Shindwa!" Akakata.

Nikamwambia baba, yule mama yuko sahihi, ningekuwa mimi nisingesoma. Akafikiri, akasema, "Wewe huna lugha. Piga tena, nipe mimi." Nikapiga. Akaanza na mbukwa, salamu ya Kigogo. Kumbe na mama ni Mgogo mwenzie. Wameongea dakika kumi na moja kwa salio langu: mvua, uwele, msiba wa mtu wa Kintinku ambaye wote wanamfahamu, mpaka wakafika kuitana dada na kaka.

Namba hakutoa.